Nati Kwenye Pindo la Ovaroli

Jumanne hiyo fundi cherehani alikuwa anabandika kiraka kwenye ovaroli ya mtu wa pampu, goti la kushoto, kwa sababu watu wa pampu wote hupiga goti la kushoto. Dirisha la chumba chake lilitazama uwanja wa matangi ya mafuta, kumi kwa safu mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona jicho moja likiwa kwenye sindano na jingine kwenye ngazi za matangi yale, maana aliyekuwa akizipanda ni mumewe. Saa nne na robo asubuhi mdogo wake wa kiume aliingia bila hodi. Huyu ni mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, ndiyo maana watu humwita Kifupi. Aliketi juu ya rundo la nguo chafu akamwambia dada yake kwamba shemeji amefia juu ya tangi namba saba. Fundi alilia mpaka macho yakavimba. Saa kumi na moja jioni mumewe akarudi nyumbani.

Alivua viatu mlangoni kama siku zote na kuvipanga ncha zikitazama nje.

"Pole, mke wangu," alisema. "Najua wamekutisha."

"Wameniambia umekufa, mzee."

"Nimekufa, ndiyo. Lakini nilikuwa nimebakiza matangi matatu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo tangu ujana. Jumatano alichukua ruhusa ya siku moja ili azikwe, na mazishi yalikwenda vizuri, watu walijaa. Alhamisi alfajiri aliamka, akanawa uso, akauliza ovaroli yake iko wapi. Kifupi, aliyekuwa amelala sebuleni kumliwaza dada yake, alimtazama akivaa, akatikisa kichwa. "Shemeji, wewe hata kufa umekufa kwa ratiba," alisema, na wote watatu wakacheka, fundi akicheka na kulia kwa pamoja.

Mabadiliko hayakuwa mengi. Hakuwa anapumua, kwa hiyo hakuwa anakoroma, na ukimya ule ulimnyima fundi usingizi kwa wiki nzima. Hakula, ila alipenda kukaa mezani na kuuliza kama chumvi imekolea. Na alikuwa amepungua uzito, kama nguo iliyoanikwa ikakauka. Siku ile ya Alhamisi upepo ulimwinua hatua mbili juu ya tangi namba nne, akashikilia ukingo, akamaliza kupima. Jioni fundi alimwomba Kifupi amletee nati za chuma kutoka karakana. Alifungua pindo la ovaroli, akapanga nati kumi na mbili kuzunguka miguu yote miwili, akashona tena kwa uzi wa mara mbili.

"Zinakubana?" aliuliza.

"Zinanikumbusha nina miguu," alisema mumewe, akambusu kwenye paji la uso kwa midomo baridi.

Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya kila tangi, kufungua mfuniko, kuteremsha utepe wa chuma na kusoma mafuta yamefika wapi. Mfuniko ukifunguliwa, gesi iliyokaa juu ya mafuta hutoka. Wataalamu wana jina lake refu, wafanyakazi huiita yai viza, kwa sababu hiyo ndiyo harufu yake. Ubao wa langoni ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: KIWANGO CHA JUU: 10. Maana yake, hewa ikigawanywa mafungu milioni moja, yai viza lisizidi mafungu kumi. Wazee wa kazi walikuwa na kanuni yao ambayo haikuandikwa popote: likinuka, fanya kazi; likiacha kunuka, kimbia. Kwani yai viza likizidi huua pua kwanza, kisha humwendea mwenye pua.

Kila mpimaji alivaa kifuani kidude cha njano kilicholia hewa ilipofika kumi. Walikiita kichanga. Kichanga kikilia, mtu anatakiwa kushuka, kukaa upande upepo unakotoka, na kungoja. Lakini kichanga kilikuwa kikilia karibu kila mfuniko, na msimamizi hakupenda kuona watu wamekaa. Basi miaka minne iliyopita wapimaji walimjia fundi na ombi. Aliwashonea mgongoni mwa ovaroli mfuko wa blanketi zito, tabaka tatu, kichanga kikiwa ndani hakisikiki. Waliuita mbeleko. Kila mtu aliifurahia mbeleko. Ya mumewe aliitarizi ua dogo jekundu.

Jumanne ile kichanga kilikuwa kimelia ndani ya mbeleko dakika sita nzima. Kilikuwa bado kinalia walipomteremsha, na hakuna aliyekisikia mpaka walipomgeuza.

Fundi alilijua hilo. Ijumaa alikusanya ovaroli zote za wapimaji, akafumua mbeleko moja baada ya nyingine, ua jekundu likiwa la mwisho, akachoma vipande vyote nyuma ya nyumba. Kisha alimwambia mumewe, bila kumtazama, "Nimekuua mimi kwa sindano yangu."

"Sindano ilishona nilichoomba," alisema mumewe. "Njoo ukae." Akakaa. Fundi alimshika mkono mpaka mkono wake mwenyewe ukapata baridi pia, na hakuutoa.

Kazini, msimamizi aliona kwamba marehemu anafanya kazi kuliko walio hai. Mwanzoni alikuwa amesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa aligundua koleo halijavunjika hata kidogo. Mpimaji alifungua mifuniko kumi bila kushuka hata mara moja. Kichanga chake, sasa kikiwa kifuani, kililia mchana kutwa, kikaonyesha mia moja, mia mbili, siku moja mia tatu na kumi, naye akisoma utepe wake pole pole. Daktari wa kampuni alimpima, akaandika kwamba mapigo ya moyo hayajabadilika tangu wiki ya kwanza. Aliandika pia uzito, ambao ulikuwa unashuka, maana kila siku juu ya matangi upepo ulimpunguza kidogo. Fundi aliongeza nati. Zilifika ishirini, kisha thelathini.

Mwisho wa mwezi ubao wa langoni ulipakwa rangi upya. KIWANGO CHA JUU: 100. Vichanga vyote vilipelekwa ofisini, vikarudi vikiwa vimefundishwa kutolia kabla ya mia. Fundi aliona ubao alipokuwa anapeleka nguo, akaziacha palepale kwenye vumbi, akaingia ofisini kwa afisa usalama. Huyu alikuwa bwana mpole mwenye kalamu nne mfukoni, na alisimama kumpa kiti.

"Kiwango kimepandishwa kwa nini?"

"Kwa utafiti, mama. Mfanyakazi mmoja amekaa kwenye mia tatu kwa siku ishirini na sita. Hajakohoa, hajalalamika, hajaomba hata maji. Sisi kwa tahadhari tumechukua theluthi tu."

"Bwana afisa, huyo ni mume wangu. Amekufa."

"Tunajua, mama, tulikuja kukupa pole. Chai yako ilikuwa nzuri sana."

"Amekufa kwa gesi hiyo hiyo!"

"Hilo ni jambo la Jumanne," alisema afisa, akifunua faili taratibu. "Utafiti umeanza Alhamisi. Tangu Alhamisi hajafa tena."

"Mtu hapumui, bwana!"

Afisa alitafuta ukurasa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Palikuwa pameandikwa kwamba mfanyakazi ana namna yake binafsi ya kupumua. Alikuwa mtu mwadilifu kwa makaratasi yake, hakuacha kitu bila kukiandika. Fundi aliaga kwa adabu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa, na njiani alitukana kwa sauti mpaka mbwa wawili wakampisha.

Jioni alimwambia mumewe aache kazi. Mumewe alimwahidi kukaa nyumbani, akaandika barua. Ilijibiwa siku ya pili: rekodi zinaonyesha alikwisha kuacha kazi Jumanne fulani, kwa kufa, hivyo barua haikuhitajika, ila kampuni inamshukuru kwa moyo wa kujitolea. Ubao haukubadilishwa. Rangi ilikuwa imeshakauka.

Hapo zikaanza siku nzuri. Miaka kumi na tisa fundi alikuwa akimwomba mumewe siku moja tu ya katikati ya wiki, na sasa alikuwa nazo zote. Ndani hamkuwa na upepo, kwa hiyo hakupungua tena. Ovaroli yake ya nati ilitundikwa nyuma ya mlango, yeye akakaa upande wa pili wa cherehani akimtungia uzi, maana macho yake yalikuwa makali kuliko alipokuwa hai. Alimsimulia mambo ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kuyasimulia. Kitu kimoja tu fundi alikikosa. Zamani alikuwa akigombana na harufu ya yai viza kwenye shuka na mito, akafua kwa ndimu, akafua kwa siki. Sasa mumewe hakuwa na harufu yoyote, na wakati mwingine fundi aliingiza pua ndani ya ovaroli nyuma ya mlango, akavuta kidogo.

Alikuwa na furaha, na hakuona haya kuwa nayo.

Wiki ya tatu baada ya mumewe kubaki nyumbani, utepe wa chuma alipewa Kifupi. Alihamishwa kutoka karakana, na alifurahi, maana juu kuna hewa na mtu mrefu hajigongi. Alhamisi jioni alikuja kula kwa dada yake. Macho yake yalikuwa mekundu, akiyafikicha kwa mgongo wa mkono.

"Vipi huko juu?" aliuliza fundi.

"Raha mustarehe, dada. Na mlikuwa mnanitisha bure na hilo yai viza lenu. Siku hizi halinuki kabisa."

Mume wa fundi, ambaye alikuwa anatunga uzi, aliushusha. "Tangu lini, shemeji?"

"Tangu Jumatatu. Nikifungua mfuniko linanuka kidogo, halafu basi, kimya. Na kichanga wala hakilii. Nadhani mafuta ya sasa hivi ni safi." Alivuta sahani karibu. "Ila hii mboga leo umeisahau viungo, dada. Haina hata harufu."

Mboga ilikuwa na viungo. Harufu yake ilikuwa imejaa nyumba mpaka uani.

Mume na mke walitazamana. Fundi alingoja mumewe aseme neno, akajua hatalisema, kwa kuwa alimwahidi kukaa nyumbani, naye hakuwahi kuvunja ahadi, hata ya matangi matatu. Walimweleza Kifupi yote, kanuni ya wazee, mbeleko, ubao. Kifupi alisikiliza, akaacha kula.

"Nikishuka kabla ya mia wananiandika mtoro," alisema. "Nishuke kwa ushahidi gani? Kichanga kimenyamaza."

Kifupi aliosha mikono, akaaga, akainama mlangoni akatoka.

Fundi aliinuka, akaitoa ovaroli nyuma ya mlango, akaitandaza mapajani. Alijua anachokifanya. Aliijua hesabu ya nati, alijua upepo, alijua daktari aliandika nini mara ya mwisho: kwamba uzito wote wa mfanyakazi ni wa nati na viatu.

"Mzee," alisema, "kesho uende kazini."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu. Usiniulize mara mbili, nitabadilika."

Hakumuuliza. Alichukua sindano, akaitunga uzi kwa mara ya kwanza bila kuangalia, akampa.

Tangu siku hiyo wapimaji wa zamu ya Kifupi ni wawili, ingawa kwenye orodha yumo mmoja. Fundi huwaona dirishani. Mumewe hupanda kwanza, hufungua mfuniko, husimama pale katikati ya gesi akiwa na kitambaa mkononi. Kifupi hukaa chini, upande upepo unakotoka, utepe magotini. Upepo ukishapeperusha kilichotoka, mumewe hupunga kitambaa na Kifupi hupanda. Msimamizi huona mtu juu ya tangi wakati wote, na hana neno. Wapimaji wa zamu nyingine wamebaki na vichanga vyao na kanuni ya wazee, na wawili wanafikicha macho. Fundi huwaambia kila anapopeleka nguo. Wanamwitikia kwa heshima, kisha wanapanda.

Mwisho wa mwaka afisa usalama alikuja mwenyewe, akanywa chai, akaacha nakala ya ripoti. Iliandikwa kwamba tangu kiwango kipandishwe hakuna aliyefariki kwenye uwanja wa matangi, na kwa hiyo mia moja imethibitika kuwa salama na itabaki. Kulikuwa na shukrani maalumu kwa mume wa fundi. Karatasi ilikuwa nzuri, ngumu. Fundi aliikata ikawa kipimo cha viraka vya magoti.

Asubuhi iliyofuata mapazia yalikuwa yanapepea. Fundi alipiga magoti sakafuni mbele ya mumewe, pindo mkononi, nati hamsini na moja zikiwa zimeshashonwa, na miguu ya mumewe ilikuwa haigusi vizuri sakafu.

"Upepo wa leo mkali," alisema fundi.

"Basi ongeza moja."

Akaongeza mbili.