Dakika za Nyongeza

Serafina Shekiondo alijifunza kupiga mpira Lutindi, kwenye kiwanja cha misheni, kwa sababu kaka zake walikuwa wanne na walihitaji mtu wa tano wa kukaa golini. Alipofika Kwemsanga mwaka 1969 kufundisha Hisabati na mazoezi ya viungo katika chuo cha ualimu cha wanawake, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Korogwe mjini, alikuta viwanja viwili vya mpira wa pete na uwanja mmoja mkubwa wa nyasi ambao majirani walikuwa wakilishia ng'ombe. Aliwafukuza ng'ombe. Kazi yake ilianzia hapo.

Mkuu wa Chuo, Bwana Valerian, alimwita ofisini mara tatu mwaka ule wa kwanza. Mara ya kwanza alimwambia kwamba kandanda litawaharibu wasichana viuno. Mara ya pili alimwambia kwamba wazazi wa Kiislamu wa Handeni wananung'unika. Mara ya tatu alichoka mwenyewe, akasema, "Basi wavae suruali ndefu, na wasicheze saa za darasa." Serafina akashona suruali kumi na sita za kaniki kwa cherehani ya chuo, na wasichana waliotaka kujifunga vilemba wakajifunga.

Tabu ikawa kupata wapinzani. Hapakuwa na timu nyingine ya wanawake aliyoisikia karibu. Walicheza wao kwa wao, au na wavulana wa shule ya msingi kule Manundu, au na makuli wa stesheni waliokuja kucheka na wakaondoka wamefungwa. Kila mwaka kundi moja lilihitimu na kutawanyika vijijini, naye akaanza upya na wasichana wasiojua hata kutuliza mpira. Aliandika barua Tanga, akaandika Dar es Salaam. Majibu machache yaliyorudi yalimshukuru kwa juhudi zake.

Mwaka 1974 alipata winga wa kushoto ambaye mfano wake hakuwahi kuupata kabla wala baada yake. Aliitwa Mwantumu Mhina, msichana mrefu, mkimya, mtoto wa wakulima wa Kizigua wa Kwamsonge, huko porini ng'ambo ya Kabuku. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, Bi Mwaija, tangu alipoachishwa ziwa. Siku moja alimwambia Serafina kwamba bibi yule ndiye aliyeuza mbuzi ili yeye apate sanduku la kuja nalo chuoni, na kwamba sasa miguu yake imevimba, hatoki uani.

Mwezi wa nane mwaka huohuo, Landrova ilisimama mbele ya ofisi ya chuo. Akashuka Bwana Rehani, mtu wa kamati ya operesheni ya kuhamia vijijini, mpole, mwenye suti ya kijivu ya mikono mifupi. Aliomba kuonana na mkufunzi wa mpira peke yake.

"Nimesikia habari za wasichana wako, Mwalimu," alisema. "Watu watatembea maili kumi kuja kuona wanawake wakipiga mpira."

Alitaka wakacheze Azimio, kijiji kipya karibu na Kabuku, Jumamosi moja mchana. Wajigawe timu mbili, wawafurahishe wananchi. Baada ya hapo angewapatia viatu vya mpira timu nzima, na mwezi wa kumi wangepelekwa Tanga kucheza na wanawake wa kiwanda kimoja waliokuwa wameanzisha timu. Mechi ya kweli, mbele ya wakubwa wa mkoa.

Serafina alikuwa ameingoja mechi hiyo miaka mitano. Hata hivyo aliuliza, "Kwa nini mpira? Mikutano haitoshi?"

Rehani aliinuka akafunga mlango. Akamweleza bila kuficha, kama mtu anayemwamini mwenzake. Watu wa Kwamsonge na vitongoji vya jirani walikwisha kuambiwa mara tatu wahame, na mara tatu walisema hawaachi mashamba yao na makaburi yao. Siku hiyo, watakapokuwa uwanjani, mgambo wataezua mapaa. Wakirudi jioni watakuta hapalaliki, watahamia Azimio, na mambo yatakuwa yamekwisha.

"Tukiwafuata wamo ndani, mapanga yatatoka," alisema. "Wewe utakuwa umezuia damu."

"Na wazee wasioweza kutembea?"

"Watatolewa nje taratibu, na vyombo vyao."

"Kuezua tu?"

"Kuezua tu, Mwalimu."

Serafina aliomba siku moja ya kufikiri, lakini jioni ile alijikuta akiandika majina ya wachezaji. Alijiambia kwamba nyumba zile zitabomolewa akubali asikubali. Alijiambia kwamba Azimio kuna zahanati na bomba la maji. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Kesho yake akamwita Mwantumu na kumwambia, "Waandikie nyumbani waje wakuone ukicheza. Wote."

Mwantumu alitabasamu, jambo ambalo lilikuwa nadra kwake, akaenda kuandika.

Walisafiri na lori la serikali, wakapita Segera, wakafika Kabuku wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Uwanja wa Azimio ulikuwa umefyekwa juzi tu, visiki vikiwa vimechimbwa na mashimo kufukiwa kwa mchanga. Rehani hakuwa amekosea. Watu walikuwa wengi kuliko Serafina alivyowahi kuona mahali pamoja, wanawake wamebeba watoto mgongoni, wazee wameketi juu ya magogo. Baba yake Mwantumu, Mzee Mhina, na mama yake, Bi Tatu, walikuja hadi kwenye mstari kumsalimia mtoto wao. Mwantumu aliwaamkia, kisha akauliza bibi yuko wapi.

"Miguu, mwanangu," mama yake alijibu. "Anasema tumhadithie."

Serafina alisikia. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, mpira mkononi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa refa. Kipindi cha kwanza watu walicheka. Cha pili waliacha kucheka wakaanza kushangilia, na Mwantumu alipokokota mpira akawapita mabeki watatu na kufunga, akina mama walipiga vigelegele na Mzee Mhina akaivua kofia yake na kuipunga. Muda ulikuwa umebaki dakika kumi hivi moshi ulipoonekana upande wa magharibi, mwembamba kwanza, kisha mnene, mweusi, katika sehemu tatu.

Serafina aliutazama moshi ule akaelewa. Mtu haezui paa kwa moto.

Watu wengi walikuwa wameupa moshi mgongo. Wachache walioona walidhani ni watu wanachoma mashamba. Dakika kumi zilipopita, saa ya Serafina ilionyesha muda umekwisha. Akaipeleka filimbi mdomoni, akamwona Rehani kwenye mstari wa pembeni. Aliinua mkono na kuzungusha kidole hewani polepole, maana yake endelea.

Serafina akaishusha filimbi.

Mchezo uliendelea. Mwantumu alisimama katikati ya uwanja, uso wake umeelekea magharibi, mpira ukampita mguuni.

"Mwalimu," alisema, "kule ni kwetu."

"Cheza, Mwantumu," Serafina alimjibu.

Mwantumu akacheza, kwa sababu alikuwa msichana mtii na aliyesema ni mwalimu wake. Walicheza dakika kumi na saba zaidi. Kisha mwanamume mmoja akaja akikimbia kutoka njia ya Kwamsonge, shati limeungua bega, na hapakuwa na haja ya filimbi tena.

Bi Mwaija walimkuta chini ya mti wa mnyaa nyuma ya uwa. Mgambo walikuwa wamemtoa kweli, na mkeka wake na sufuria zake. Lakini walipotia moto nyumba ya pili aliinuka, akaingia tena katika ya kwanza, yake mwenyewe, iliyokwisha kushika moto, na hakuna aliyemwona. Wengine walisema alifuata jembe la marehemu mumewe, wengine walisema ni mbegu. Alitoka mwenyewe, nguo zikiwaka. Aliishi siku mbili. Alizikwa Kwamsonge, katika makaburi ya ukoo, na kesho yake familia nzima ikahamia Azimio kama ilivyopangwa.

Mwantumu alirudi chuoni baada ya wiki tatu. Alimfuata Serafina uwanjani saa ya mazoezi, amevaa sare ya darasani.

"Mwalimu, ile barua uliyoniambia niandike," alisema. "Ulijua?"

Wasichana wengine walikuwa mbali, wakipasha viungo. Serafina angeweza kusema hapana, na nani angempinga.

"Nilijua."

"Kwamba watachoma?"

"Niliambiwa wataezua."

"Lakini ulijua."

"Nilijua, Mwantumu."

Msichana aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, akaenda zake bwenini. Hakugusa mpira tena. Kwa wenzake alisema goti linamuuma.

Viatu vilikuja kama Rehani alivyoahidi, vyeusi, vipya, vikinuka ngozi. Mechi ya Tanga nayo ikaja, na Kwemsanga walishinda mabao mawili kwa moja. Serafina alipeana mikono na wakubwa. Bwana Valerian, aliyehofia viuno, alitoa hotuba ndefu kuhusu mwanamke wa Tanzania. Safari nzima ya kurudi wasichana waliimba, na Serafina alikaa mbele kwa dereva akisema anaumwa kichwa.

Mwezi wa kumi na mbili, chuo kilipofunga, alikwenda Azimio kuhani. Alikuta nyumba za miti zimepangwa mstari, na bomba la maji lisilotoa maji. Bi Tatu alimpokea kama mgeni mkubwa, akampikia ugali wa muhogo na kuku wa pekee aliyekuwa uani, na kukataa kwa Serafina hakukusaidia kitu. Mwantumu alikaa kizingitini, akichambua mboga.

Serafina aliianza pole yake, lakini Bi Tatu alimkatiza.

"Sisi ndio wa kukushukuru," alisema. "Yule mzee siku zake zilifika. Lakini baba Mwantumu alikuwa amenoa panga, na kaka zake vilevile. Wangekuwa nyumbani siku ile, leo ningekuwa mjane. Mungu alikuleta na mpira wako. Kila nikisali nakutaja."

Serafina alifungua mdomo. Alihisi macho ya Mwantumu usoni pake. Akatia tonge jingine mdomoni.

Mwantumu alimsindikiza hadi barabarani kungoja basi. Basi lilipoonekana mbali, Serafina alisema, "Nitarudi nimwambie. Ana haki ya kujua."

"Usirudi," Mwantumu alisema. "Ana jambo moja tu la kumshukuru Mungu katika yote yale. Unataka kumnyang'anya na hilo, ili wewe ulale vizuri?"

Serafina alipanda basi.

Aliendelea kufundisha mpira, kwani hiyo ndiyo kazi iliyokuwa yake na kila mtu sasa aliitaka. Mwantumu alihitimu na kuomba apangiwe kufundisha Azimio. Mwaka 1978, miongoni mwa wanachuo wapya, alikuwamo Mwanaidi, msichana mdogo wa Azimio. Jioni moja mpira ulitoka nje ya uwanja, naye akaurudisha kwa mguu wa kushoto, chini chini, hadi miguuni pa kipa. Serafina akamfuata kumwomba ajiunge.

"Samahani, Mwalimu," Mwanaidi alisema. "Nimekatazwa."

"Na wazazi?"

"Na mwalimu wangu. Alisema nisome kila kitu hapa, ila huku uwanjani nisije. Hakuniambia kwa nini."

Nyuma ya Serafina wasichana walikuwa wakiita wapewe mpira.

"Basi mtii mwalimu wako," alimwambia, akarudi kwenye mazoezi. Alifanya kazi ile miaka sita zaidi, akashinda vikombe viwili, na hakuwahi tena kukubali mwaliko wa kucheza kijijini.