Getruda na 73939133

Unapita Mabatini kila jioni, unanunua sangara kwa Getruda, halafu macho unayapeleka pembeni. Madaftari yaliyorundikana chini ya meza yake umeyaona. Hujawahi kuuliza ni ya nini.

Mimi sisahau. Mwaka 1993, tukiwa darasa la tano, walimrudisha nyumbani kwa kukosa sare. Sisi wenye sare tukaendelea kuimba jedwali la kuzidisha, na hesabu alizijua yeye kuliko sisi wote. Mwezi uliopita akaomba kuingia hesabu za kidato cha kwanza, kwenye darasa la watu wazima hapa mtaani. Mwalimu Mutalemwa akadai cheti cha darasa la saba. Hana. Akaambiwa aanze na wanaojifunza kusoma.

Hakwenda huko. Aliingia darasa la hesabu, nasi wanafunzi tumekaa, na harufu yake ya samaki na madaftari yake kwapani, akamwamkia mwalimu shikamoo, akachukua chaki na kuandika: 73939133.

"Hii ni namba tasa," alisema. "Haigawanyiki ila kwa moja na yenyewe. Mkinikuta nimekosea, nitakwenda kwenye a, e, i, o, u bila kinyongo."

Jovinary, dereva wa bodaboda, alicheka. "Mama, si inaishia na tatu? Itagawanyika kwa tatu."

"Kumi na tatu nayo inaishia na tatu. Haya, igawe."

Darasa likamcheka Jovinary mpaka naye akajicheka. Simu zikatoka mifukoni. Wakagawa kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, na kila mara desimali zikamwagika. Getruda akafuta tarakimu ya mwisho kwa kiganja. Iliyobaki, 7393913, nayo tasa. Akafuta tena, na tena, kama anavyomkata sangara kuanzia mkiani, hadi ikabaki 7 peke yake. Kila kipande tasa.

Mwalimu akataka kujua kwa nini asiongeze tarakimu ya tisa.

"Nimejaribu, mwalimu. Shufwa na tano hazifai. Weka moja au saba, tatu inaigawa. Weka tatu au tisa, inagawanyika pia, ila hizo zilinitoa jasho. Samaki huyu harefuki tena."

Mutalemwa akafungua madaftari. Mle mlikuwa na kazi ya masika nzima: amegawa kwa kila namba tasa hadi 8597, maana inayofuata ukiizidisha kwa yenyewe inapita 73939133, yote kwa mkono, magamba yamegandia kurasa. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akacheka kama mtu aliyepata mjukuu, akavuta rejista, akaandika jina la Getruda. Getruda akajipigia kigelegele mwenyewe, sisi tukaitikia.

Lakini sharti la cheti bado limebandikwa mlangoni, na uandikishaji unafungwa Ijumaa. Wewe unaye mmoja kama Getruda nyumbani kwako, anayekokotoa mabati ya paa zima kichwani huku ukisema hakusoma. Inuka. Mpeleke leo hii kwa Mwalimu Mutalemwa, na wakiwauliza cheti, msiondoke mpaka wampe chaki.