Godoro Ndani ya Ngoma

Jumamosi saa nane mchana, kwenye jukwaa la ukumbi mmoja wa Likasi, Cédrick alikuwa anakata godoro la sponji kwa kisu cha jikoni. Alitaka kipande cha kuingia ndani ya ngoma. Alikuwa ametoka Lubumbashi na gari lililojaa mikrofoni, nyaya na bafle, zile spika kubwa zinazomfika mtu mzima kifuani, na alikuwa amesomea mambo ya sauti kwa miezi mitatu, habari aliyoirudia kila alipokohoa. Kampuni ya madini iliyodhamini tamasha la nyimbo za asili ndiyo iliyomleta, ili sauti za mababu, kama bango lilivyosema, zisikike kwa kiwango cha kimataifa. Mababu hawakuulizwa.

Ngoma ilikuwa na kasoro moja. Kila ilipopigwa, mngurumo mdogo ulibaki ndani, ukakaa kidogo, ndipo ukaisha. Mngurumo huo ulikuwa wa Alphonse, aliyeichonga ngoma hiyo na kuipiga miaka kumi na miwili kabla ya kufia katika shimo namba nne la kampuni hiyohiyo, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo alikaa ndani ya ngoma. Mke wake, Noëlla, aliyeongoza waimbaji wanawake, alichukua sauti ya kuanzia kutoka kwenye mngurumo huo, na wenzake wakamfuata. Kikundi kizima kilijua. Kabongo, mpigaji wa sasa, alibisha hodi kwa kidole kabla ya kila mazoezi.

“Ngoma yenu iko na ronflement,” Cédrick alisema. “Minye nitaitosha, itoke kabisa.”

“Ile haiko ronflement,” Noëlla alisema. “Ni Baba Elikia.” Elikia ni binti yao.

“Mama, ikuwe Baba Elikia, ikuwe nani, ku console yangu ya sauti inaonekana mubaya.”

Akalisukuma godoro ndani hadi likajaa. Alphonse alipokosa pa kukaa alitokea upande wa chini, akajinyoosha mgongo, akasimama jukwaani na kofia yake ya kazi, matope mekundu yamemfika magotini. Cédrick alimwomba asikanyage nyaya.

Noëlla alimtazama mumewe, akamletea maji. Kwa miaka mitatu alikuwa ameomba kitu kimoja tu: shimo lifunguliwe, Alphonse atolewe, azikwe kama watu wanavyozikwa. Kampuni ilimjibu kila mara kwamba siku ile shimo namba nne halikuwa na mtu, na daftari la zamu lilionyesha hivyo. Walimwonyesha daftari lenyewe. Ukurasa ulikuwa mweupe, na walijivunia weupe wake.

Tamasha lilianza saa tisa. Mstari wa mbele alikaa Bwana Éphraïm, msemaji wa kampuni, mtu mwenye tabasamu la kukodi na viatu ambavyo havijawahi kuona mgodi. Alphonse alikwenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu naye. Msichana wa protokoli alimwomba mwaliko. Hakuwa nao, lakini kamera zilikuwa zimeanza kazi, akaachwa.

Kabongo akapiga. Ngoma ikalia pu, kavu, kama ndoo ya plastiki. Hakuna kilichobaki ndani, na Noëlla hakupata sauti ya kuanzia. Wanawake kumi na mmoja walisimama na vitenge vyao vipya vya mdhamini, midomo imefungwa. Kimya chao kilitoka kwenye bafle kikiwa safi kabisa, na Cédrick akajipongeza.

Éphraïm hakupenda kimya mbele ya kamera. Alishika mikrofoni ya wageni, akamsogezea mtu aliyekuwa karibu.

“Papa, sema kidogo juu ya culture yetu.”

Alphonse alivua kofia.

“Minye ni Alphonse. Tulikuwa batu saba mu shimo namba ine. Maji ikaingia, tukapanda mpaka ku mulango. Chef wa zamu akatusikia, akafunga. Alisema kama maji inatoka, kazi ya mashimo ingine itasimama. Tulikuwa bazima. Tuko paka kule, kulekule, mpaka leo. Mutufungulie, mutuzike.”

Ukumbi ulisikiliza. Maneno yalifika hadi mstari wa mwisho, karibu na mlango wa choo, ambako mwaka uliotangulia watu hawakusikia ila miluzi ya spika. Kisha makofi yakapigwa, marefu. Mzee mmoja alisema amesikia hata pumzi ya msemaji. Mwingine alisema Likasi sasa imefika. Éphraïm alisimama, akampa Cédrick mkono mbele ya wote. Watu walikuwa wameambiwa kwamba jirani zao saba walifungiwa ndani ya maji wakiwa hai, nao wakamshangilia fundi wa spika. Ilikuwa aibu tupu, na ilisikika vizuri kila pembe.

Kwa kuwa kamera ilikuwa imeelekezwa kwa Éphraïm, Alphonse aliombwa arudie. Akarudia, neno kwa neno.

Jumatatu Noëlla alikwenda ofisini kwa Éphraïm na kinasa kidogo chenye maneno yale. Alphonse alimfuata, kwani godoro lilikuwa limegandishwa kwa gundi na hakuwa tena na kwake. Éphraïm alivaa vipokea sauti, akafumba macho, akasikiliza mara mbili.

“Ah, mama! Hii son iko propre, sauti safi kabisa. Hata radio ya Lubumbashi haina ile.”

“Mutafungua lini?” Noëlla aliuliza.

Éphraïm alitoa karatasi. Alieleza kwamba ni ruhusa ya kutumia sauti ya Papa Alphonse katika matangazo ya kampuni, na kwamba kabla ya karatasi hiyo kusainiwa hakuna faili itakayosogea. Noëlla aliuliza kama itasaidia shimo kufunguliwa. Éphraïm alisema itamaliza jambo lote. Alphonse akaipokea kalamu, akasaini polepole, na kidole chake kikaacha alama nyekundu pembeni.

Éphraïm aliupuliza wino, akaipiga karatasi muhuri, akaiweka kwenye droo.

“Sasa, Mama Elikia, tuseme ukweli. Mutu mwenye kusaini leo, saa ine ya asubui, mbele yangu, namna gani atakuwa mu shimo?”

Noëlla aliitazama droo.

“Na bale sita?”

“Bakuye benyewe hapa, basaini.”

Alizungumza kwa upole, kama watu wa aina yake wanavyozungumza wakishamaliza kukuibia. Alimwita mfagiaji apanguse matope kwenye vigae, akawafungulia mlango, akamwambia Alphonse kwamba mwaka ujao waje mapema, ili apewe mikrofoni ya kifuani.

Alhamisi malori matatu ya zege yalifika shimo namba nne mchana kweupe, na bango jipya likasimikwa: Usalama Kwanza. Noëlla alikuwepo. Alphonse alisimama kando yake, kofia mkononi, akiangalia wanavyomfunika.