Siku Darmaji Aliponyoosha Gurudumu

Kwa miaka ishirini na tisa Lasinem aliuza dawa za mizizi kwa baiskeli katika vijiji vya Klaten. Chupa zake zilikaa kwenye kasha nyuma ya kiti: manjano na ukwaju, tangawizi, na ile chungu ambayo wanaume huinywa wamefumba macho.

Asubuhi moja aliegesha kando ya ghala la Darmaji, mnunuzi wa tumbaku. Darmaji akarudisha gari nyuma bila kutazama. Chupa nne zikapasuka, gurudumu la nyuma likajikunja kama jani lililopita motoni. Akachungulia dirishani.

"Hiyo nayo ni baiskeli, mama, au chanja cha kuanikia samaki?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Gari likaondoka.

Gurudumu lingepatikana jingine. Kicheko kile kilimkwama Lasinem kooni kama mwiba.

Sokoni, fundi Tukiran alilizungusha gurudumu, akatikisa kichwa. "Hili limekwisha, dada. Ukikaza spoku za huku, ringi inakimbilia kule. Tutie jipya."

"Tia. Hilo bovu niwekee."

"La nini?"

"Niwekee tu, mzee."

Miezi mitano baadaye Windarti, binti pekee wa Darmaji, alijifungua. Maziwa hayakutoka, chakula hakikupita. Akaomba dawa ya Lasinem, ile aliyokunywa mama yake alipomzaa yeye. Wakatumwa watu mara tatu. Kila mara Lasinem alijibu, "Baba mtu aje mwenyewe."

Akaja, viatu vinang'aa. "Dada, yaliyopita si ndwele."

"Yangu bado ndwele, bwana. Gurudumu langu liko kwa Mzee Tukiran. Siku ya gulio ulinyooshe kwa mikono yako mwenyewe. Likikaa sawa, utapata dawa."

"Nitakununulia kumi mapya!"

"Nalitaka hilo hilo."

Siku ya gulio Darmaji alikalishwa kwenye kigoda, akapewa spana ya spoku. Tukiran alifungua kinywa aseme neno, Lasinem akamkazia macho, akakifunga. Watu wakajaa, na wapakiaji wake mwenyewe wakiwamo.

"Bosi, limelalia kushoto!"

"Ah! Sasa limehamia kulia!"

"Lipapase, bosi, usilifokee! Hilo si mpakiaji!"

Mwanzoni naye alicheka nao. Kufikia adhuhuri shati lilikuwa limemganda mgongoni na vifundo vya vidole vinatoka damu. Spoku moja ilikatika ikamchapa kifundo cha mkono. Lasinem alikaa juu ya kreti, akila wali wake taratibu, na kila tonge lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Hakumwonea huruma hata kidogo. Alitamani jua lichelewe kuzama.

"Mzee," Darmaji akauliza bila kuinua kichwa, "linakuja kweli hili?"

Tukiran akashindwa kuvumilia. "Bwana, hili lilikufa siku ile ile ulipolikanyaga. Mwenyewe anajua."

Kisha mpakiaji mmoja akapasuka kwa kicheko, na wengine wote wakamfuata.

Darmaji akasimama, spana mkononi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mwanangu hajala siku ya nne leo, nawe unanichezea hapa!"

"Mwanao anakunywa dawa yangu tangu juzi alfajiri. Nilipitia mlango wa jikoni. Maziwa yameshatoka, na jana amekula uji bakuli zima. Muulize mkeo. Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie."

Machozi yalimtoka Darmaji mbele za watu, na hakuna aliyejua kama ni ya furaha au ya aibu. Huenda hata yeye hakujua. Akaiweka spana chini polepole, akapasua umati, akaenda.

Tangu siku hiyo wapakiaji walimwita "Fundi", kwanza kisogoni, halafu usoni. Msimu uliofuata alimtuma mpwa wake kununua tumbaku, mwenyewe hakukanyaga sokoni. Mkewe alipata maneno makali nyumbani, na Lasinem alipoyasikia hayo, hayo peke yake ndiyo yaliyomchoma.

"Ulizidisha, dada," Tukiran alimwambia wiki moja baadaye, akimjazia magurudumu upepo.

"Kwa mkewe, ndiyo," akasema Lasinem. "Kwake yeye, ningempa na la mbele."

Akapanda, akaanza kunadi tangawizi.