Vidonge vya Nyiraneza

Gisubizo alikuwa na miaka mitatu, na kumeza dawa kwake kulikuwa vita. Kila homa ilipomshika, Josiane, mama yake, alikipaka kidonge sukari, akakiramba kwanza yeye mwenyewe na kufumba macho kama mtu anayeonja asali.

"Ona, iko bonbon tamu! Kula mbio, papa asikunyanganye."

Mtoto alikula.

Katika nyumba yao, kijijini Burungu, aliishi pia Nyiraneza, mama wa Kagabo, mume wa Josiane. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa presha. Vidonge vyake alivifunga kwenye kitambaa na kukiweka chini ya mto. Hakuna aliyewahi kumwambia aviweke juu.

Asubuhi moja, Kagabo akiwa amepeleka maziwa Kitchanga, Nyiraneza alitoka kuota jua. Aliporudi ndani alimkuta Gisubizo amekaa kitandani, kitambaa kimefunguka, midomo imejaa unga mweupe.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Bonbon."

Josiane, aliyekuwa mlangoni na nguo mbichi mikononi, alisikia. Alimbeba mtoto, akasimamisha pikipiki. Walipofika hospitali, shingo ya Gisubizo ilikuwa imelegea.

"Kinini gani? Ngapi?" daktari aliuliza, akitaka jina na idadi ya vidonge.

Josiane hakujua. Mtoto alilala siku mbili na mpira wa serumu ukimdondoshea maji mkononi. Siku ya tatu aliomba maziwa.

Waliporudi, Kagabo alisimama mbele ya mama yake pale uani.

"Mama, ulitaka kuniulia mutoto?"

Nyiraneza alimtazama Josiane, kisha akatazama chini.

"Njo mimi mwenye kosa, mwanangu. Nihurumie."

Josiane alifungua mdomo, halafu akaingia ndani kumlaza mtoto.

Jioni hiyo alimwona mama mkwe wake akimwaga vidonge vyote chooni.

"Mama, na presha?"

"Sitaki tena dawa mu nyumba ya mutoto."

Josiane angeweza kumbembeleza. Lakini aliogopa mazungumzo ya vidonge yasije yakafika kwenye yale ya sukari, akanyamaza. Wiki tano alinyamaza, akiona miguu ya yule mama inavimba na mkono wake unashika kichwa kila asubuhi.

Kisha Nyiraneza akaanguka wakati wa kukamua ng'ombe. Upande mmoja wa mwili ulikufa, mdomo ukaenda kombo, na maneno yakakatika.

Josiane alimfuata Kagabo kwenye zizi la ndama, akamwambia yote: sukari, bonbon, choo. Kagabo alimaliza kufunga kamba.

"Unaniambia leo," alisema, "wakati mama hawezi tena kunijibu nikimuomba pardon?"

Kesho yake alitengeneza sanduku la mbao, akaligongelea juu kabisa karibu na paa, akaweka humo dawa zote za nyumba, akalifunga kwa kufuli. Josiane alinyoosha mkono apewe ufunguo. Kagabo aliutia katika mfuko wa shati lake. Vidonge vipya vya mama yake anampa yeye mwenyewe, kabla ya kwenda malishoni na baada ya kurudi.

Wiki iliyopita homa ilimpanda Gisubizo saa nne asubuhi. Josiane alikaa naye mlangoni mpaka saa kumi na moja, akimpangusa kwa maji baridi, macho yake kwenye njia ya malisho.