Vichwa Viwili, Riwaya Moja

Palikuwa na msusi aliyesifika mtaa mzima kwa wepesi wa vidole, hata wateja wakambandika jina la Chapuchapu. Ungeingia saluni kwake asubuhi na kichwa kama kichaka, mchana unatoka rasta zimelala kama zimepigwa pasi. Aliyekuja kuiharibu sifa hiyo ni mpwa wake, binti wa kaka yake, aliyefika likizo akikokota sanduku zito ambalo shangazi mtu alidhani limejaa nguo.

Lilijaa vitabu. Riwaya za vijana, riwaya za picha, na zile katuni za Kijapani ziitwazo manga. Binti akawa anakaa pembeni ya kiti cha mteja akimsomea shangazi yake kwa sauti, na shangazi akisuka huku masikio yamemsimama. Likizo ilipokwisha, mpwa akarudi shule ya bweni na kuacha sanduku chini ya meza ya vioo. Chapuchapu akabaki njia panda: msichana wa kwenye riwaya amefungiwa ghalani, vijana wawili wanaompenda wanagombania ufunguo, na msomaji ndiyo kaondoka.

Kusoma mwenyewe kulimshinda. Mchana mikono yake ilikuwa mali ya vichwa vya watu, na jioni akishika kitabu tu, ukurasa wa kwanza humlaza kama mtoto mchanga. Basi akajiongeza. Wateja wake wengi walikuwa mabinti wa sekondari, na binti anayesukwa hana pa kukimbilia.

"Mwanangu, nina kitabu kinakufaa kabisa," alimwambia wa kwanza. "Anzia hapa nilipokunja."

Binti akakigeuza kitabu. "Anti, hapa si ni katikati?"

"Ndipo utamu ulipo. Ya mwanzo nitakusimulia mimi."

Akamsimulia, na chumvi hakubania. Pale alipokuwa amesahau aliongeza vyake, na pale alipokumbuka aliona panapwaya, akaongeza vilevile.

Haikupita muda akawa mtaalamu wa kuchagulia watu vitabu. Kipimo chake kilikuwa nywele. Mwenye nywele ngumu zinazovunja chanuo alipewa riwaya ya vita. Mwenye nywele laini, mapenzi. Anayetoa machozi akichanwa hakupewa kamwe hadithi yenye mgonjwa, maana angelowesha kurasa. Cha ajabu, mabinti walitoka wakisema anti kawapatia, na wengine walirudi kabla nywele hazijachakaa, wakijifanya zinawasha.

Manga ndiyo ilimtoa jasho. Binti aliyepewa alimweleza kwamba inasomwa kuanzia nyuma, kisha akaanza: "Paa. Shwaa. Anaruka."

"Anaruka kwenda wapi?"

"Hawajaonyesha, anti. Kuna mistari tu."

"Na mwenzake anasemaje?"

"Hasemi. Wanatazamana."

"Wanatazamana vipi? Kwa wema au kwa shari?"

Binti akageuza shingo amwonyeshe kwa macho yake, na njia ya chanuo iliyokuwa inashuka wima ikapinda, ikapinda tena, ikaishia nyuma ya sikio. Chapuchapu akasuka hivyo hivyo akisubiri lawama. Binti alipojitazama kiooni alisema imetokea kama radi, na mwisho wa wiki nusu ya darasa lake walikuja kutaka radi.

Sasa, siku ya kisanga walikuja wawili, marafiki wa kufa na kuzikana, mmoja wao mtoto wa mama anayetangaza safari kwenye stendi ya mabasi. Wote walitaka rasta za zambarau na wote walitaka riwaya ya ghalani. Kitabu kilikuwa kimoja. Chapuchapu akawaketisha kwenye mkeka, bega kwa bega, kitabu katikati, yeye juu ya kigoda nyuma yao. Ili pasiwe na manung'uniko, akawa anamsuka huyu rasta moja na yule rasta moja.

Wakasoma kwa kupokezana, wakibishana. Mtoto wa mtangazaji alimtaka yule kijana mpole mwenye kutengeneza saa. Rafiki yake alimtaka mkorofi. "Mpole atamchosha," alisema. "Na wako atamtia jela," akajibiwa. Vichwa vikazidi kusogeleana, vidole vya Chapuchapu vikazidi kwenda vyenyewe, roho yake ikiwa ghalani.

"Akatoa mkono dirishani," mmoja akasoma, "akaushika mkono wa..."

"Bado tu?" Mama mtangazaji alikuwa amesimama mlangoni, kibeti kwapani. "Inuka twende, nina zamu."

Binti akainuka. Rafiki yake akapiga ukelele, wote wawili wakarudi chini kwa kishindo. Kitabu kikaruka hadi chini ya kiti. Katikati ya vichwa vile zilining'inia rasta za zambarau zilizosukwa vizuri sana, kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hii nayo ni staili gani?" mama akauliza taratibu.

"Ya marafiki," Chapuchapu akasema. Alipoona jibu halijakubalika, akakiri. "Nitazifumua, mama. Lakini mikono hainisikii. Mpaka nijue kashika mkono wa nani."

Mama akakiokota kitabu, uso umekunjamana, akakikagua mbele na nyuma kama mzigo wa abiria asiyeaminika. Akasoma mstari mmoja kimoyomoyo. Akasoma wa pili. Kisha akavuta kiti na kuendelea kwa sauti, na sauti aliyoizoea ilikuwa moja tu, ile ya stendi.

"Akaushika mkono wa mtengeneza saa," akatangaza. "Akamnyang'anya ufunguo. Akatoka. Walipoingia kumsaka, akawafungia ghalani wote wawili."

Mabinti wakalalama kwa pamoja. Fundi cherehani wa jirani akaingia na futi shingoni kuuliza nani kafungiwa. Mpita njia akachungulia kuuliza basi lenyewe ni la saa ngapi.

"Na yule pacha wa msichana, wa kule mwanzo, alikuwa wapi muda wote?" mtoto wa mtangazaji akauliza.

Mama akapekua kurasa za mwanzo. "Humu hamna pacha."

Macho yote yakamgeukia msusi. Chapuchapu akachambua rasta moja, akaona hakuna pa kujificha. "Nilimwongeza. Alikuwa mpweke sana, yule mtoto."

"Pacha alinifaa kuliko wote," rafiki mtu akasema kwa masikitiko.

Mama akasema huo ni uhuni, hadithi haianzwi kiunoni, akarudi ukurasa wa kwanza na kuanza upya. Chapuchapu akafumua polepole mno. Walikuwa sura ya tatu, rasta mbili zikiwa bado zimewaunganisha wale mabinti, alipoingia dereva wa basi akihema.

"Mama, abiria wanapanda mabasi yasiyo yao. Mmoja kasharudi mara ya pili."

"Shh," akajibiwa na watu watano.

Viti vilikuwa vimejaa. Dereva akatazama huku na huku, akavua kofia, akaketi sakafuni chini ya mashine ya kukaushia nywele, akauliza kwa kunong'ona huyo msichana wa kitabuni ni nani.