Mita Mia za Doña Odilie

"Nimekuja kuuliza nilikufa lini," alisema Doña Odilie Quesada, akaketi kabla hajakaribishwa.

Xinia Umaña alijua kitumbua kimeingia mchanga. Jumapili halmashauri ya Santa Rita ingetundika kibao kwenye biashara kongwe kuliko zote mjini, na barua ya kuithibitisha hutoka ofisi ya takwimu alikofanya kazi Xinia. Barua iliyotoka ilisema bekari ya Doña Odilie ilifungwa mwaka 1998, na mwaka huohuo ikafunguliwa nyingine mpya. Programu iliyounganisha kumbukumbu hizo aliitunga Xinia mwenyewe, na aliringa nayo kweli.

"Naoka tangu sitini na moja, mwanangu! Hata siku ya uchungu wa kitinda mimba nilioka kwanza."

"Mashine haikujui, doña. Mwaka ule nambari za usajili zilibadilishwa zote, na fomu za zamani zina aina ya biashara na anwani tu. Yako inasema mita mia tatu kaskazini mwa kilipokuwa kituo cha treni. Nikipima, naangukia mtoni, kwa hiyo mashine ikadhani ni bekari mbili."

"Umepima?" Bibi aliangua kicheko hadi watu wakachungulia mlangoni. "Kwani wewe mtoto wa wapi?"

"Wa hapahapa."

"Haya, nielekeze kituo cha basi."

"Mita mia mbili kusini, halafu hamsini magha..." Xinia akajikatiza. Kona mbili na nusu! Tangu azaliwe, mita mia kwake ni kutoka kona hadi kona, ziwe hatua sitini au mia na hamsini, na hakuna aliyewahi kuzipima. Alipoketi mbele ya kompyuta tu ndipo alipojitia mgeni. Aliona aibu, kisha akacheka naye.

Akaifundisha programu kuhesabu kona. Vikombe viwili vya kahawa baadaye, maduka mia mbili na kumi na mawili ya Santa Rita yaliyokuwa marehemu yakafufuka. Bekari ilikuwamo: 1961 mpaka leo, bila pengo.

"Sasa andika barua!"

Xinia hakuandika. Mstari wa juu ya bekari ulikuwa wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, Célimo Brenes, aliyefufuka pia. 1959 mpaka leo.

"Mwongo mkubwa huyo!" Bibi alisimama. "Miaka arobaini anajigamba eti alinitangulia, na mimi namsuta mbele za watu!"

"Hesabu ni ileile, doña," Xinia alisema kwa sauti ndogo. Alitamani kulia. "Nikiiamini yako, sina budi kuiamini yake."

Doña Odilie aliufuata mstari ule kwa kidole. Kisha akatoa simu, akabonyeza nambari aliyoijua kwa moyo.

"Célimo? Jumapili vaa shati lililopigwa pasi. Kibao ni chako... Nasema ni chako, mzee, wewe ndiye wa kwanza... Ndiyo, nimesema nisamehe. Usinilazimishe kurudia."